Kodingi kwa mtoto wa awali: kijiti na mchanga kwanza, kompyuta baadaye

Kwenye mabango ya shule za awali za mjini siku hizi utaona neno "kodingi" limeandikwa kando ya "Kiingereza" na "usafiri upo". Kila mada hii inapoguswa, mzazi wa kijijini huwa na maswali mawili: hiyo kodingi ni kitu gani, na je, mwanangu anayesoma darasa la awali kwenye shule isiyo na umeme ameshaachwa nyuma?

Hajaachwa. Sehemu kubwa ya yale ambayo mtoto wa miaka 4 au 5 anaweza kujifunza kuhusu kodingi haihitaji kompyuta wala simu. Inahitaji uwanja, kijiti cha kuchorea chini na mtu mzima mwenye dakika 15 za kucheza. Hapa tunaeleza kodingi ni nini, wazo la kuwafundisha watoto wadogo lilitoka wapi, na michezo ambayo mzazi au mwalimu anaweza kuianza leo jioni.

Neno lenyewe

Wengine wakisikia "kodi" wanawaza ushuru wa mazao. Hii ni kodi nyingine. Kodingi ni kazi ya kuiandikia kompyuta maelekezo ya nini ifanye, hatua kwa hatua. Kwenye baadhi ya vitabu utakuta inaitwa usimbaji. Maelekezo hayo yakikamilika yanaitwa programu.

Unatumia programu kila siku hata kama hujawahi kukaa mbele ya kompyuta. Ukifungua menyu ya kutuma pesa kwenye simu ya kitochi, ukachagua 1, inakuuliza namba ya anayepokea. Ukiweka namba ya siri iliyo sahihi, pesa inakwenda; ukikosea, inakataa na kukupa nafasi ya kujaribu tena. Kuna mtu aliyekaa akaandika yote hayo: kama namba ni sahihi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Mzani wa kidijitali unaopimia mazao kwenye chama cha msingi nao una programu ndani yake.

Mashine hizi hazina akili ya kukisia. Binadamu ukimwambia "niletee ile kitu pale" anaweza kukuelewa kwa kukutazama macho yako yanaelekea wapi. Mashine haiwezi. Inafanya kile ilichoandikiwa, kwa mpangilio ulioandikwa, hata pale mwandishi alipokosea. Kwa hiyo anayejifunza kodingi anajifunza kwanza kufikiri kwa mpangilio na kueleza jambo bila kuacha pengo, kisha ndipo anajifunza lugha za kompyuta. Ile ya kwanza ndiyo inayowezekana kwa mtoto wa awali. Ya pili inaweza kusubiri.

Orodha ya hatua za kufuata ili kumaliza kazi inaitwa algorithimu. Jina ni geni na gumu kulitamka, lakini kitu chenyewe si kigeni. Lilitokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad. Bibi anayemfundisha mjukuu kusuka ukili, huu juu, huu chini, rudia mpaka upate urefu unaoutaka, anamfundisha algorithimu iliyo kamili kabisa.

Nani alianza kuwafundisha watoto

Mwaka 1967 huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, watu watatu, Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu mkubwa wa namna watoto wanavyofikiri. Baadaye Logo iliunganishwa na roboti mdogo wa kutembea sakafuni aliyeitwa kobe. Mtoto anaandika "mbele", kobe anakwenda mbele. Anaandika "kulia", kobe anageuka. Kobe alibeba kalamu, hivyo alipopita aliacha mchoro.

Papert aliona jambo moja ambalo ndilo msingi wa michezo yote utakayoisoma hapa chini. Mtoto akikwama, alimwambia ajifanye kobe: asimame, atembee mwenyewe njia ile, asikilize mwili wake unafanya nini, kisha arudi kuandika. Mtoto mdogo hufikiri kwa miguu na mikono kabla ya kufikiri kwa maandishi. Aliyeyaeleza haya kwa kirefu ni yeye mwenyewe katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980.

Tatizo la Logo lilikuwa kuandika. Mtoto wa miaka 4 hajui herufi. Katikati ya miaka ya 1970, mwanafunzi wa chuo cha MIT aitwaye Radia Perlman alitengeneza mtambo ambao watoto wa miaka 3 hadi 5 waliweza kumwongoza kobe kwa kubonyeza vitufe, na baadaye kwa kupanga kadi za plastiki zenye picha. Perlman huyo huyo ndiye aliyekuja kubuni kanuni ambayo mitandao ya kompyuta duniani inaitumia ili taarifa zisizunguke bila kufika.

Vifaa vya leo vimefuata njia hiyo hiyo. Kuna Bee-Bot, roboti wa umbo la nyuki mwenye vitufe mgongoni, ambaye kila ukibonyeza "mbele" anasogea sentimita 15. Kuna KIBO, ambaye mtoto anamwelekeza kwa kupanga vipande vya mbao, bila kioo chochote. KIBO ulitokana na kazi ya Marina Bers alipokuwa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Yeye pia ni mmoja wa waliotengeneza ScratchJr, programu ya bure iliyotoka mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Singapore ilipeleka roboti za aina hii kwenye vituo vyake vya awali. Uingereza, kuanzia Septemba 2014, mtoto wa miaka 5 anayeanza shule ya msingi anafundishwa maana ya algorithimu. Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 2022 taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na sekondari.

Roboti wa namna hiyo bei yake si ya shule ya kijiji, na sioni sababu ya kijiji kujichangisha kumnunua wakati paa la darasa linavuja. Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakikusanya michezo ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta hata moja. Walimu wa nchi nyingi wanaitumia, pamoja na wenye kompyuta za kutosha.

Je, inasaidia kweli?

Hapa inabidi tuwe wakweli, maana wauzaji wa kodingi wanaahidi mengi. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland wa New York walichunguza watoto waliosoma Logo kwa mwaka mmoja wa shule. Walitarajia kuwa watoto hao watakuwa hodari zaidi wa kupanga kazi nyingine za kawaida. Hawakuona tofauti ya maana kati yao na wenzao ambao hawakusoma. Mwaka huo huo Douglas Clements na Dominic Gullo walifanya jaribio dogo na watoto wa miaka 6 kwa wiki 12. Wao waliona watoto wa Logo wameongezeka ubunifu, uwezo wa kujua pale wasipoelewa, na uwezo wa kumwelekeza mtu njia.

Majibu mawili tofauti, na mabishano hayakuisha hapo. Kilichojitokeza kadiri miaka ilivyokwenda ni kwamba kumwachia mtoto mashine peke yake hakuleti mengi. Mtu mzima aliyekaa naye akamuuliza "unadhani itafika wapi?" na "imekosea hatua gani?" ndiye anayeleta tofauti. Kwa mzazi wa kijijini hii ni habari njema, kwa sababu mtu mzima wa kuuliza maswali yupo, mashine ndiyo haipo.

Kuna sababu nyingine ya kuanza mapema, nayo inahusu mabinti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Science ulionyesha kuwa watoto wa kike wa miaka 5 walihusisha akili nyingi na jinsia yao sawa na wavulana. Kufikia miaka 6 walikuwa wameanza kurudi nyuma na kukwepa michezo iliyoelezwa kuwa ni ya watu wenye akili sana. Ni mwaka mmoja tu wa tofauti. Utafiti ulifanyika kwao, si kwetu, lakini mzazi aliyewahi kusikia mtoto wa kike akiambiwa "hayo ya mashine waachie kaka zako" hatashangaa. Kwenye michezo hii hakikisha binti anaelekeza na siyo anaelekezwa tu.

Mchezo wa roboti

Huu ndio mchezo mkuu, na ukiwa na nafasi ya kujaribu mmoja tu, jaribu huu.

Chora chini kwa kijiti miraba 4 kwenda mbele na 4 kwenda pembeni, jumla 16. Kila mraba uwe wa kutosha mtu mzima kusimama. Chagua kona moja iwe mwanzo. Weka ndoo, au kitu chochote, kwenye mraba fulani. Mara ya kwanza mzazi ndiye roboti na mtoto ndiye mwelekezaji, kwa sababu mtoto akiona mtu mzima anamtii anacheka na kutaka kuendelea.

Mazungumzo ya mwanzo huwa hivi:

"Baba, nenda!"

"Niende wapi, mwanangu?"

"Pale kwenye ndoo."

"Roboti haijui pale. Inajua maneno matatu tu: mbele, geuka kulia, geuka kushoto."

Sheria ni hizo. "Mbele" maana yake mraba mmoja tu. "Geuka" maana yake kugeuka ukiwa umesimama palepale, bila kusogea. Watoto wengi, na watu wazima pia, wanadhani "geuka kulia" ni kuhamia mraba wa kulia. Waache wakosee mara kadhaa, kisha waonyeshe kwa mwili.

Tuchukue mfano. Roboti amesimama kwenye kona ya chini kushoto, ametazama mbele, upande ilipo nyumba. Ndoo iko miraba miwili mbele yake na mmoja kulia. Maelekezo ni: mbele, mbele, geuka kulia, mbele. Hatua nne, amefika. Sasa weka jiwe kwenye mraba ulio mbele kabisa ya roboti na useme hapa hapapitiki. Njia ya kwanza imekufa. Mtoto atafute nyingine: geuka kulia, mbele, geuka kushoto, mbele, mbele. Hatua tano, lakini amefika. Mwache ahesabu mwenyewe ipi ndefu. Wapo watakaokuonyesha njia ya tatu ambayo hukuifikiria.

Kulia na kushoto ni kazi ngumu kwa umri huu. Tumezoea kumwambia mtoto kulia ni mkono anaolia chakula, lakini anayetumia shoto atachanganyikiwa. Mfunge uzi au kipande cha kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na roboti naye afungwe upande huo huo. Usimlazimishe mwenye shoto abadili mkono, uzi unatosha. Mtoto wa miaka 3 mwachie "mbele" na "simama" tu, hayo mengine yatakuja.

Baada ya siku chache badilisha jambo moja dogo ambalo ndilo linalougeuza mchezo kuwa kodingi. Mpaka hapo mtoto alikuwa anasema neno moja, roboti anakwenda, anasema lingine, roboti anakwenda. Hiyo ni kama kumswaga ng'ombe: unarekebisha kila anapokosea njia. Sasa kata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni au la biskuti, chora mshale kwenye kila kadi: wa kwenda mbele, wa kugeuka kulia, wa kugeuka kushoto. Mtoto apange kadi zote kwenye mstari kabla roboti hajasogea hata hatua moja. Akishapanga anasema "anza", na kuanzia hapo haruhusiwi kusema kitu. Roboti anasoma kadi moja baada ya nyingine na kutii, hata kama inampeleka kwenye jiwe.

Tofauti utaiona usoni kwa mtoto. Inabidi aifikirie safari nzima kichwani kabla haijatokea. Hiyo ndiyo programu.

Na hapo ndipo makosa yanapoanza kuwa na faida. Roboti akiishia pembeni ya ndoo, usimsahihishe mtoto na usipange kadi kwa niaba yake. Rudi mwanzo, weka kidole kwenye kadi ya kwanza, tembea, weka kidole kwenye ya pili, tembea, mpaka mtoto apige kelele "hii!". Abadilishe kadi hiyo tu, siyo zote, kisha ajaribu tena. Waandishi wa programu hutumia muda mwingi mno kwenye kazi hii ya kusaka kosa, na hakuna anayeona aibu nayo. Mtoto aliyezoea kuchapwa au kuchekwa akikosea ataficha kadi zake na kusema amechoka. Ukiona hivyo, wewe mzazi uwe mwelekezaji kwa zamu moja, ukosee makusudi, naye akusahihishe.

Michezo mingine ya nyumbani

Mapishi ya uji ni mazuri kwa kufundisha mpangilio. Mama amwambie mtoto: "Leo mimi sijui kupika. Niambie." Mtoto akisema "weka unga", mama achukue mfuko mzima wa unga na kuuweka juu ya kifuniko cha sufuria. Mtoto atacheka, kisha atajirekebisha: fungua mfuko, chota kijiko, weka kwenye bakuli la maji baridi, koroga, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Mkifika "koroga", muulize: "Nikoroge mpaka lini?" Akijibu "mpaka uive" au "mpaka uwe mzito", ameshajua marudio yenye kikomo. Mchezo huu uchezwe mbali na moto, kwa sufuria tupu. Kanuni ya jikoni kwamba mtoto hasogelei mafiga haibadiliki kwa sababu ya kodingi.

Masharti, yaani "kama hivi, basi vile", yanafundishika kwa jani. Ukiinua jani la mwembe watoto waruke, usipoinua wakae. Wakishazoea, ongeza makofi: kama jani liko juu na umepiga makofi, wageuke. Kisha geuza sheria: jani juu, kaa, jani chini, ruka. Wengi wataruka kwa mazoea. Kuzuia mwili usifanye ulichozoea ni uwezo ambao watafiti wa watoto wanaupima kwa mchezo wa namna hii hii: mtoto akiambiwa "gusa kichwa" anatakiwa aguse vidole vya miguu. Uwezo huo unamsaidia mtoto darasani hata asipogusa kompyuta maisha yake yote.

Marudio yamejaa kwenye maisha yetu kiasi kwamba hayahitaji kifaa. Nyimbo za watoto zina kiitikio kinachorudi; muulize kimerudi mara ngapi. Ngoma ina mapigo; piga mawili mazito na moja jepesi, mtoto aendeleze. Panga vifuniko vya soda chini, kimoja kimetazama juu, viwili vimetazama chini, kimoja juu, viwili chini, umuulize kinachofuata ni kipi na kwa nini. Wachezaji wa mdako wanajua kila duru ina hatua zinazorudiwa na sheria ya lini zamu inapita kwa mwenzio.

Tahadhari kuhusu vitu vya kuhesabia. Huku kusini korosho ghafi ziko kila kona msimu ukifika, na mtoto atazitaka. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi na mdomo, zisitumike. Shanga, punje na vifuniko wasipewe watoto chini ya miaka 3, kwa sababu wanaviweka mdomoni na vinaweza kuwakaba. Magunzi ya mahindi na kokwa kavu za maembe ni salama zaidi na hazigharimu kitu.

Darasa lenye watoto 80

Mwalimu wa awali anayesoma hapa pengine anatabasamu kwa uchungu. Uwiano uliowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mwalimu anajua darasani kwake wako wangapi. Mchezo wa roboti kwa watoto 80 ukiwa peke yako hauendi kama wa nyumbani.

Unaweza kwenda hivi. Chora viwanja vinne au vitano nje, chini ya kivuli, kabla ya vipindi. Kila kiwanja kiwe na kikundi chenye kazi tofauti: mmoja roboti, mmoja anapanga kadi, mmoja mkaguzi anayeweka kidole kwenye kadi roboti anapotembea, na wengine wanatabiri kwa kuweka jiwe mahali wanapodhani roboti ataishia. Utabiri ndio unaowashika wale ambao zamu yao haijafika. Vikundi vingine viwe kwenye kuchora, kuimba au kuhesabu, mbadilishane kesho. Kama kuna wanafunzi wa darasa la tano au la sita wanaoweza kuazimwa kwa nusu saa, mmoja kwa kila kiwanja, kazi inakuwa nyepesi, nao wananufaika.

Si lazima liwe somo jipya. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 bado inataka mtoto wa awali ajifunze kwa michezo, na haya yanaingia vizuri kwenye kuhesabu, lugha na michezo ya viungo. Kuhusu mtoto asiyeona, weka kamba ardhini mahali pa mistari ili aihisi kwa nyayo, na kadi ziwe na mishale ya kamba iliyobandikwa kwa gundi.

Simu iwekwe wapi

Wapo wazazi wanaompa mtoto simujanja wakiamini ndiyo kumwandaa kwa teknolojia. Kutelezesha kidole na kutazama video hakumfundishi mtoto kodingi, kama vile kupanda basi hakumfundishi mtu udereva. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame kioo kabisa, wa mwaka mmoja naye hivyo hivyo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Katika saa hiyo, vipindi vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa umri huo, kama Akili and Me vya Ubongo wa Dar es Salaam, vina maana kuliko video zinazojileta zenyewe. Kaa naye, muulize anachokiona.

Na kama kuna anayekutaka ulipe ada ya ziada ya kodingi kwa mtoto wa awali, nenda ukatazame kipindi kimoja kabla ya kutoa pesa. Angalia kama watoto wanapanga maelekezo wao wenyewe au wanabonyeza tu anachoonyeshwa kila mmoja. Muulize mwalimu mtoto akikosea anafanya nini. Akikujibu "namwonyesha jibu", hapo unalipia mashine. Uliza pia watoto wangapi wanatumia kifaa kimoja, na kila mmoja anakigusa dakika ngapi. Mtoto anayekaa kwenye benchi nusu saa akisubiri zamu ya dakika mbili angefaidika zaidi uwanjani.

Kishikwambi cha shule

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo hata shule ya pembezoni inaweza kuwa na angalau kimoja. Kama mwalimu anacho na mwalimu mkuu ameridhia, ScratchJr inaweza kupakuliwa mara moja pale penye mtandao, kisha ikatumika bila intaneti. Imetengenezwa kwa vishikwambi, siyo kwa simu ndogo. Vipande vyake vina picha, hivyo mtoto hahitaji kujua kusoma: anaburuta vipande vya bluu vya kusogea, anavipanga kutoka kushoto kwenda kulia, anavigusa ili vianze, na paka aliye kwenye kioo anatii.

Anza na watoto ambao wameshacheza roboti wa mchangani kwa wiki kadhaa. Wape kwanza kazi ile ile ya kadi: paka afike kwenye mti. Kuna kitufe kinachoonyesha miraba kwenye kioo, kiwashe, watoto wataitambua mara moja. Kuna tofauti moja ya kuwaeleza mapema: roboti wa mchangani alipaswa kugeuka kwanza ndipo aende, ila paka wa ScratchJr ana mishale ya kulia, kushoto, juu na chini, na anakwenda upande huo bila kugeuzwa. Kwa kishikwambi kimoja, watoto watatu wanatosha kwa wakati mmoja, wengine wakiendelea na kadi zao nje, kwa zamu za dakika 10. Chaji iishe saa ngapi ndiyo itakayoamua vikundi vingapi vinapita siku hiyo.